Siku Mbili Pwani: Ufukwe Wenye Utulivu Unapatikanaje?

Reli mpya, daraja na boti za kasi zimeisogeza bahari karibu na watu wa bara. Wengi wanaokwenda pwani kwa usiku mmoja au miwili wanafuata kupumzika, lakini hufika wakapokewa na spika. Makala haya yanaangalia utulivu wa ufukweni unatoka wapi, nani anaugombea, na msafiri aulize nini kabla ya kutoa pesa yake.

Jumapili saa tisa alasiri, Mjimwema, Kigamboni, Dar es Salaam. Magari yamepangana pande zote mbili za njia ya mchanga inayoshuka ufukweni. Bajaji zinashusha vijana wenye maboya, na wachuuzi wa mihogo ya kukaanga, pweza na maji baridi wanapenya katikati ya watu. Baa ya kwanza inapiga amapiano. Mwendo mfupi mbele yake, ya pili inapiga singeli.

Katikati ya baa hizo mbili kuna nyumba ya wageni yenye vyumba vichache, bustani iliyotunzwa na vitanda vyenye vyandarua vyeupe. Picha zake mtandaoni zinaonyesha ufukwe mtupu, na hazidanganyi: Jumanne asubuhi ufukwe huo huwa mtupu kweli. Mgeni aliyetoka Dodoma kwa treni ya Ijumaa, anayetazamia kupanda ndege au boti Jumatatu, hana namna ya kulijua hilo akiwa ameinamia simu yake sebuleni.

Hapo ndipo wasafiri wengi wa siku mbili wanapokwama. Anayekaa wiki nzima akiudhika usiku wa kwanza, anao muda wa kuhama. Wa siku mbili hana. Usiku mmoja ukiharibika, nusu ya mapumziko yake imekwenda, na nauli aliyolipa hairudi.

## Bara imeisogelea bahari

Juni 2024, treni ya umeme ya reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwishoni mwa Julai mwaka huohuo ikafika Dodoma. Safari ambayo kwa basi ilikula sehemu kubwa ya siku, sasa kwa treni ya haraka ni chini ya saa nne. Mtumishi wa Dodoma anaweza kufunga ofisi Ijumaa na kulala karibu na maji usiku uleule.

Kabla ya reli, Daraja la Nyerere lenye urefu wa mita 680 lilifunguliwa Aprili 2016 na kuiunga Kigamboni na Kurasini. Kwa anayekwenda na gari, ufukwe wa kusini mwa jiji haukutegemea tena foleni ya kivuko cha Magogoni peke yake. Na kutoka bandari ya Dar es Salaam, boti za kasi hufika Unguja kwa takriban saa mbili.

Wageni wa nje nao wameongezeka. Watalii wa kimataifa walioingia Tanzania walizidi milioni 1.8 mwaka 2023 na kupita milioni 2.1 mwaka 2024. Zanzibar peke yake, ambayo sensa ya 2022 ilihesabu wakazi wapatao milioni 1.89, ilipokea zaidi ya wageni 700,000 mwaka 2024. Wengi wao hukaa siku chache tu ufukweni baada ya Serengeti au Ngorongoro, kisha wanaruka kurudi kwao.

Kwa upande wa jiji, sensa hiyohiyo iliwahesabu wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam kuwa zaidi ya milioni 5.3. Hawa wote, wa Dodoma, wa Ulaya na wa Mbagala, wanakutana kwenye mchanga uleule siku zilezile: mwisho wa juma, Idd, Krismasi, Mwaka Mpya, na likizo za shule za Juni na Desemba.

> Picha mtandaoni zinaonyesha ufukwe mtupu, na hazidanganyi: Jumanne asubuhi ufukwe huo huwa mtupu kweli.

## Upepo na maji vina kauli

Watu wa pwani wanajua kwamba sauti ufukweni husafiri na upepo, na upepo wa huku una kalenda. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba hivi hadi Machi, ukitokea upande wa kaskazini-mashariki. Kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba, ukitokea kusini na kusini-mashariki, na katikati ya majira yake huwa mkali.

Kwa mwenye kutafuta chumba, maarifa hayo yana kazi ya moja kwa moja. Hoteli iliyo kaskazini mwa baa itasikia kila wimbo wakati wa kusi, kwa kuwa upepo unaubeba muziki kuelekea dirishani kwake. Hoteli iliyo kusini mwa baa hiyohiyo italala vizuri zaidi Julai, lakini kaskazi ikiingia mambo hugeuka. Maoni ya mgeni aliyelala hapo Agosti hayamsaidii sana anayekwenda Januari.

Kisha kuna mwamba. Pale ambapo matumbawe yamejipanga mbali na nchi kavu, kama pwani ya mashariki ya Unguja, mawimbi makubwa huvunjikia huko nje na maji yanayofika mchangani huwa yametulia. Pale ambapo bahari iko wazi, kama sehemu kubwa ya ufukwe wa Kigamboni unaotazama mashariki, kusi huleta mawimbi mazito yanayopiga usiku kucha. Wapo wanaolala vizuri kwa mvumo huo, na wapo wasiopata hata lepe la usingizi. Vyote viwili huuzwa kwa tangazo moja la "hoteli tulivu ufukweni".

Maji nayo yana saa zake. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban siku moja, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Zanzibar na Dar es Salaam hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu, tofauti hiyo hupungua sana.

Katika siku za bamvua, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Mgeni aliyefika Paje au Jambiani, mashariki mwa Unguja, kwa usiku mmoja katika siku hizo, akaamka akitaka kuogelea baada ya chai, atakuta bahari imerudi nyuma, mahali pengine kwa zaidi ya kilomita moja. Atakachokiona ni wanawake wakihudumia mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kibiashara huko mwishoni mwa miaka ya 1980, na watoto wakichokoa mawe kutafuta pweza. Ni mandhari ya kupendeza kwa aliyejiandaa. Kwa aliyekuja kuogelea tu na boti yake inaondoka saa saba mchana, ni asubuhi iliyopotea.

## Kelele zina aina zake

Si kila sauti ya pwani ni kero, na si kila kero inatoka kwenye baa. Jenereta lililofungwa nyuma ya jiko hutikisa chumba umeme ukikatika. Boti za injini huanza kunguruma alfajiri karibu na diko, wakati wavuvi wanaposhusha samaki na wachuuzi wa mnada wanapopaza sauti. Pikipiki hupita mchangani pale maji yanapopwa na mchanga kukaza.

Adhana ya alfajiri ni jambo jingine. Kijiji cha pwani huamka nayo, kimeamka nayo kwa karne nyingi, na mgeni anayelala karibu na msikiti amelala ndani ya kijiji chenye ibada yake. Mwenye hoteli mwungwana humweleza mgeni mapema kwamba msikiti uko jirani. Mgeni mwungwana hupanga siku yake kwa kulijua hilo, au huomba chumba cha upande wa pili.

Kelele nyingine kubwa, hata hivyo, hutoka ndani ya hoteli zenyewe. Hoteli nyingi za ufukweni zilizo karibu na Dar es Salaam haziwezi kuishi kwa wageni wa kulala peke yao. Zinapokea wageni wa kutwa wanaolipa kiingilio ili kutumia bwawa la kuogelea. Zinakodisha bustani kwa harusi na sendofu. Siku za kazi zinapokea semina za wizara na mashirika, zenye vipaza sauti kuanzia asubuhi. Mgeni mmoja aliyelipia chumba kimoja kwa usiku mmoja ni mdogo sana mbele ya sherehe ya watu mia tatu.

## Sehemu nne za kufikiria

Kigamboni ndiyo karibu zaidi kwa anayeshuka treni au ndege. Kanuni yake ni rahisi: kadiri unavyokaribia Mjimwema, ndivyo unavyolikaribia jiji na Jumapili yake. Kadiri unavyoshuka kusini kuelekea Kimbiji na Ras Kutani, ndivyo baa zinavyopungua na barabara inavyozidi kuwa ya mchanga. Siku za Jumatatu hadi Alhamisi, hata Mjimwema hupumua. Msafiri anayeweza kuisogeza safari yake kutoka Jumamosi kwenda Jumanne huwa amemaliza nusu ya tatizo bila kuongeza hata shilingi.

Bagamoyo, mji ulio takriban kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, umezoea wageni wa kupita. Misafara ya karne ya 19 ilianzia na kuishia hapo, na Wajerumani waliufanya makao yao makuu hadi 1891, walipohamia Dar es Salaam. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao hapo mwaka 1868, na magofu ya Kaole, yenye msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, yako mwendo mfupi kusini mwa mji. Mtu asiyejali sana kuogelea atakuta la kufanya. Maji ya Bagamoyo huwa na tope, kwa kuwa Mto Ruvu unaingia baharini kaskazini mwa mji na mikoko inashikilia udongo.

Lakini Bagamoyo ni mji wa semina, na ni mji wa ngoma pia. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, inafundisha muziki, ngoma na maigizo karibu kabisa na bahari, na huandaa tamasha la kila mwaka linalojaza vyumba vya mji mzima. Mwenye kutaka ngoma aende wiki ya tamasha. Mwenye kutaka usingizi aulize tarehe zake kwanza.

Unguja inahitaji kuchagua upande. Nungwi na Kendwa, kaskazini, zina maji ya kuogelea karibu saa zote, na ndiyo maana watu ni wengi, boti ni nyingi na muziki ni mwingi. Kendwa inajulikana kwa sherehe za mwezi mpevu. Mashariki, Paje imekuwa kitovu cha vijana wa mchezo wa tiara za baharini, wanaofuata upepo wa kusi na kaskazi, na jioni hukusanyika kwenye baa zao. Ukishuka hadi Jambiani, au ukipanda kuelekea Bwejuu, Pongwe na Matemwe, vijiji vinachukua nafasi ya baa.

Kwa hiyo mwisho wa juma wenye mwezi mpevu huleta mambo mawili kwa pamoja: sherehe kaskazini, na bahari kukimbia asubuhi mashariki. Msafiri wa siku mbili anayetazama kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi ya boti anajua mengi kuliko aliyesoma maoni mia mtandaoni.

Pangani ni ya mwisho na ndiyo yenye utulivu kuliko zote. Mji wenyewe uko mdomoni mwa Mto Pangani, takriban kilomita 50 kusini mwa Tanga. Ng'ambo ya mto ni Bweni, na kusini zaidi ni Ushongo, ufukwe mrefu wa minazi wenye nyumba chache za wageni na kijiji cha wavuvi. Kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Chalinze na Segera ni safari ya siku nzima, hivyo haimfai mwenye usiku miwili akitokea jijini. Humfaa anayeshuka kutoka Moshi au Arusha, au anayetoka Mombasa kupitia Horohoro, akitaka kukata safari kabla ya kuendelea.

> Msafiri anayeweza kuisogeza safari yake kutoka Jumamosi kwenda Jumanne huwa amemaliza nusu ya tatizo bila kuongeza hata shilingi.

## Muziki nao una watoto wa kulisha

Ni rahisi kuwashutumu wapiga muziki. Hoja yao, hata hivyo, ni nzito. Baa ya ufukweni inaajiri wahudumu, wapishi, walinzi na madijei. Nje yake wamo mama lishe, wauza madafu, wapiga picha, wakodisha maboya na madereva wa bajaji, na wengi wao hupata kipato cha wiki nzima kwa siku mbili. Ukizima spika Jumapili, umepunguza sahani za samaki zinazouzwa Jumapili.

Ipo pia hoja ya haki. Katika Mkoa wa Dar es Salaam, wenye watu zaidi ya milioni 5, fukwe ambazo mwananchi anaingia bila kulipa zinahesabika, Coco ikiwa ndiyo maarufu zaidi. Familia inayoishi chumba kimoja Temeke au Manzese, watoto wakiwa hawana uwanja wa kuchezea, ina haki ileile ya kwenda baharini, na furaha yake haina wajibu wa kuwa kimya. Anayesema ufukwe wote uwe wa utulivu anasema, hata kama hakukusudia, kwamba ufukwe wote uwe wa wenye uwezo wa kulipia chumba.

Upande wa pili wamo wenye hoteli ndogo waliowekeza kwa kutegemea mgeni anayelala. Wao hawana ukumbi wala bwawa, na bidhaa yao ni usiku wenyewe. Jirani akifungua baa yenye spika nne, biashara yao imeshuka thamani bila wao kukosea chochote.

Na wapo wanaosahaulika zaidi: wakazi. Mgeni huondoka Jumatatu. Mzee mgonjwa, mama mwenye kichanga na mwanafunzi anayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne wanabaki hapohapo Mjimwema au Nungwi, na baa inafunguliwa tena Ijumaa.

Sheria haikosekani. Tanzania Bara ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mwaka 2015 zikaja kanuni za viwango vya kelele na mitetemo, zinazosimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Mwaka 2022 baraza hilo liliwahi kufungia baa na kumbi za starehe kadhaa kwa sababu ya kelele. Zanzibar ina sheria yake ya mazingira na mamlaka yake.

Shida ni kwamba kufunga baa ni hatua ya mwisho, inayochukuliwa baada ya watu kuteseka muda mrefu, na inaacha watu bila kazi. Kupanga kabla ya kujenga kungeumiza wachache zaidi: eneo hili la muziki hadi saa fulani, eneo lile la kulala, na umbali wa kutosha kati yao, kwa kuzingatia upepo wa kusi na wa kaskazi.

## Ukuta si utulivu

Baadhi ya wawekezaji wamechagua njia ya mkato. Wananunua eneo pana, wanajenga ukuta hadi karibu na maji, na wanauza kimya kilicho ndani yake. Mgeni hupata usingizi, lakini njia ya kwenda diko imezibwa. Mvuvi anazunguka na injini begani, na mwanamke wa mwani anatembea mara mbili ya umbali wa zamani kufika shambani kwake.

Sheria ya 2004 ilitazamia hili kwa sehemu. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka bahari au ziwa. Mita hizo zinalinda mchanga usimomonyoke, zinaacha njia ya watu, na kwa msafiri zina faida ya ziada: nyumba ikiwa nyuma ya minazi, upepo na chumvi vinapungua, na sauti ya walio ufukweni inafifia kabla ya kufika kitandani. Chumba kilichojengwa juu kabisa ya maji huonekana vizuri katika picha, lakini ndicho kinachopigwa na mawimbi wakati wa bamvua, na ndicho kinachopitiwa na kila mtu anayetembea ufukweni.

Kuna wakazi wengine wanaohitaji usiku mtulivu kuliko binadamu. Kisiwa cha Maziwe, karibu na Ushongo, kiliwahi kuwa mahali muhimu pa kasa kutagia mayai. Kililindwa kama hifadhi mwaka 1975, lakini miti yake iliisha na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 kilikuwa kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kasa waliendelea kurudi, na mayai yanayotagwa pale huhamishiwa Ushongo ili yasizame. Kusini zaidi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ufukwe wa Madete nao hutembelewa na kasa.

Kasa jike hupanda mchangani usiku kutaga. Akikuta watu na taa, hugeuka na kurudi baharini. Vifaranga wakianguliwa huelekea kwenye mwanga, na kwa kawaida mwanga ulio wazi zaidi usiku ni ule wa upeo wa bahari. Hoteli ikiwasha taa kali zinazotazama ufukwe, vifaranga hupotea njia na kwenda nchi kavu, ambako kaa, ndege na jua la asubuhi huwamaliza. Kwa sababu hiyo, Ushongo wenye taa hafifu zinazotazama chini unamfaa kasa na unamfaa mgeni, na mvuvi haumzuii kwenda baharini.

> Baa ya ufukweni yenye spika nne inaweza kushusha thamani ya hoteli jirani ambayo haijakosea chochote.

## Kabla ya kulipa

Hoteli ikiwa na simu, piga simu. Ujumbe wa kuweka nafasi kupitia mtandao hupata jibu la kibiashara. Mazungumzo na mtu wa mapokezi, kwa salamu na upole, hutoa habari za kweli. Maswali haya yanatosha:

- Jirani zenu ni nani, na wako upande gani? Uliza kama kuna baa, diko, msikiti, shule au jengo linalojengwa. Kisha linganisha upande huo na upepo wa mwezi unaokwenda.

- Tarehe hizo mna harusi, semina au wageni wa kutwa? Mwenye hoteli mwaminifu atakwambia. Akisitasita, umepata jibu.

- Jenereta liko wapi, na chumba changu kiko umbali gani nalo? Omba chumba cha mwisho kabisa kutoka jikoni na ukumbini.

- Muziki wenu unazimwa saa ngapi, na wa jirani je? Hayo ni maswali mawili, na majibu yake mara nyingi hutofautiana.

- Maji yatajaa saa ngapi siku hiyo? Mfanyakazi wa hoteli ya pwani asiyejua hili atamuuliza mvuvi, na jibu litakuwa sahihi.

- Bei ya wakazi ni ipi? Hoteli nyingi zina bei tofauti kwa raia na wakazi wa Afrika Mashariki, lakini si zote zinazoitaja bila kuulizwa.

Anayetaka bei nafuu na watu wachache azingatie masika, Machi hadi Mei. Hoteli kadhaa hufunga Aprili na Mei, zinazobaki wazi hupunguza bei, na mvua mara nyingi huacha vipindi vya jua. Mwezi wa Ramadhani, Unguja, nao huwa na utulivu wa aina yake: muziki unapungua, mchana wenyeji wamefunga, na mgeni anatakiwa kula na kuvaa kwa heshima. Siku za Idd zinazofuata, fukwe hufurika.

Kwa safari ya usiku miwili, muda wa barabarani ni sehemu ya bei. Ufukwe mzuri sana unaohitaji saa saba za gari unaacha saa chache za kuufaidi. Saa tatu kutoka stesheni, uwanja wa ndege au bandari ni mpaka unaofaa, na bora kubakiza nafasi ya foleni ya Barabara ya Bagamoyo au ya kivuko.

## Pangani kabla ya daraja

Hesabu hiyo ya saa tatu inakaribia kubadilika kwa Pangani. Serikali imekuwa ikijenga barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, yenye urefu wa takriban kilomita 256, pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani. Itakapokamilika, anayetoka Dar es Salaam hatalazimika kuzunguka Chalinze na Segera, na Bweni haitakuwa tena ng'ambo ya kusubiri kivuko. Wakulima wa huko wanahitaji barabara hiyo, na wagonjwa wanaokimbizwa Tanga usiku wanaihitaji zaidi.

Pamoja nayo watakuja wanunuzi wa viwanja. Ushongo leo ina kile ambacho Mjimwema ilikuwa nacho kabla ya Daraja la Nyerere: mchanga wazi, majirani wachache, na njia za wavuvi zisizo na kizuizi. Halmashauri ya Pangani na serikali za vijiji vyake zina nafasi ambayo Kigamboni haikuitumia ipasavyo. Zinaweza kupima na kuweka alama mita 60 sasa, kusajili njia za kwenda diko kabla hazijauzwa, kutenga eneo la baa na muziki karibu na mji ambako vijana watapata kazi, na kuweka masharti ya taa katika vibali vya ujenzi kwa ajili ya kasa.

Mambo hayo yanajadiliwa kwenye mikutano mikuu ya vijiji na vikao vya madiwani. Wenye nyumba za wageni, wavuvi na vijana wanaotaka kufungua baa wote wanaweza kuhudhuria, na kwa wote watatu ni nafuu zaidi kuelewana kabla ya jiwe la msingi kuliko mbele ya ofisa wa NEMC aliyekuja na kufuli.